Saratani: Ujumbe wa simu upimwe kama gunia la mahindi

KATIKA masoko yetu ya mpakani hakuna mfanyabiashara anayenunua gunia la mahindi akiwa amefumba macho. Atalifungua, ataingiza mkono mpaka chini, atatafuna punje mbili tatu kuona kama zimekauka, kisha atauliza: mzigo huu umetoka wapi? Umevunwa lini? Umepimwa kwenye mzani wa nani? Asiporidhika na majibu, anaondoka zake na pesa yake mfukoni.

Lakini mtu huyo huyo akipokea ujumbe kwenye simu unaosema kwamba maji ya ndimu yanaua saratani mara 10,000 kuliko dawa za hospitali, haulizi swali hata moja. Anausoma, anatikisa kichwa kwa mshangao, kisha anautuma kwa watu ishirini. Hajui nani kauandika, lini, wala kwa faida ya nani. Pesa yake anailinda, afya yake anaiachia mlango wazi.

Makala haya yanahusu mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni mazoea yetu ya kila siku yanayoongeza au kupunguza uwezekano wa kupata saratani, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita kansa. La pili ni namna ya kutafuta habari zake kwenye intaneti bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Karatasi ya Kifaransa, simu ya Kiswahili

Mimi ni mwalimu. Nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya Warundi waliokimbia mwaka 1972. Nilisoma shule ya msingi na sekondari Tanzania, nikarudi Burundi mwaka 2009 pamoja na maelfu ya wenzangu, baada ya Tanzania kutupa nafasi ya kuchagua kati ya uraia na kurudi nyumbani. Leo nafundisha Kiswahili na Kiingereza upande wa Makamba, si mbali na mpaka wa Mugina na Manyovu. Wazazi wa wanafunzi wangu wanauza mawese, dagaa, mahindi, maharage na vitenge, na wengi wao wanavuka mpaka kila wiki.

Kwa sababu hiyo nimekuwa msomaji wa watu wengi. "Mwalimu, hebu nisomee hapa," ndiyo salamu ninayopewa sokoni. Karatasi za hospitali na za maabara huandikwa kwa Kifaransa. Mwenzetu aliyesoma Katumba, Mishamo au Ulyankulu, mwenye Kiswahili safi na Kiingereza kidogo, anaitazama karatasi ile kama mtu anayetazama ukuta. Daktari ana foleni ndefu mlangoni, na maelezo yake ni ya dakika mbili. Mgonjwa anatoka, anakaa chini ya mti, anafungua simu. Humo anamkuta mtu anayemweleza kila kitu kwa Kiswahili kitamu, taratibu, bila haraka na bila kumdharau. Nani atamlaumu akimwamini huyo wa simu?

Nasema hivyo ili ieleweke kwamba watu wetu hawadanganyiki kwa sababu ni wajinga. Wanadanganyika kwa sababu uongo umewafikia kwa lugha yao, na ukweli umewafikia kwa lugha ya wengine.

Bahati mbaya au mazoea?

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembechembe ndogo sana ziitwazo seli. Kila siku seli mpya huzaliwa kuchukua nafasi ya zilizochakaa, na kila moja ina maagizo ndani yake yanayoiambia lini izaane na lini ife. Maagizo hayo yakiharibika, seli inaweza kuendelea kuzaana bila kusikia amri ya kusimama. Hapo ndipo saratani inapoanzia.

Baadhi ya uharibifu huo hatuwezi kuuzuia. Umri ukienda, makosa huongezeka. Wengine wamerithi udhaifu kutoka kwa wazazi wao. Mtoto mdogo anayepata saratani hakufanya kosa lolote, wala mama yake. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya saratani zote zingeweza kuzuiwa. Kwa mujibu wa hesabu za mwaka 2022, watu wapatao milioni 20 duniani waligunduliwa kuwa na saratani mwaka huo na watu milioni 9.7 walikufa kwa ugonjwa huo. Theluthi moja tu ya idadi hiyo ni umati mkubwa wa watu.

Wapo watakaosema: babu yangu alivuta kiko maisha yake yote na amekufa akiwa na miaka 90. Ni kweli wapo. Lakini hata lori lisilo na breki linaweza kuteremka kutoka milima ya Bururi mpaka Rumonge na lisipinduke. Je, ukiliona limefika salama, kesho utapanda na watoto wako? Hivyo ndivyo wataalamu wanavyozungumzia hatari. Hawasemi kila mvutaji ataugua. Wanasema kwamba kati ya wanaovuta, watakaougua ni wengi mno kuliko kati ya wasiovuta.

Tumbaku

Zao hili nalijua tangu utotoni. Ulyankulu ni nchi ya tumbaku. Tulikata kuni za mabani ya kukaushia, tulifunga majani mpaka usiku, na ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Sisemi haya kwa kuwalaani waliolima, maana hawakuwa na zao jingine la kuwapa fedha. Nasema kwa sababu aliyenufaika na mauzo ya tumbaku anapaswa pia kusema inavyofanya mwilini.

Moshi wa sigara una kemikali zisizopungua 60 zinazojulikana kuleta saratani. Si mapafu peke yake yanayodhurika. Kuna mdomo, koo, umio, tumbo, kongosho, kibofu, figo na mlango wa kizazi. Ugoro nao, wa kunusa au wa kuweka chini ya mdomo, hauna msamaha. Wazee wetu wanaouona kuwa mbadala salama wa sigara wajue kwamba tumbaku isiyo na moshi huleta saratani ya mdomo, ya umio na ya kongosho.

Habari njema ni kwamba kuacha kunasaidia hata kama umechelewa. Mtafiti wa Uingereza Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa kiume wa nchi hiyo kuanzia mwaka 1951 kwa miaka 50. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004, walioacha sigara wakiwa na miaka 30 waliokoa takriban miaka 10 ya maisha, walioacha na miaka 40 waliokoa 9, wenye 50 waliokoa 6, na hata wenye 60 waliokoa 3.

Pombe

Hapa najua naingia penye kelele. Kwetu pombe ni heshima. Hakuna posa wala maombolezo yasiyo na urwarwa wa ndizi au impeke ya mtama, na mirija huzunguka. Lakini ni vizuri tujue kwamba tangu mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lenye makao Lyon, Ufaransa, limeiweka pombe katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Inahusishwa na saratani za aina saba: mdomo, koromeo, sanduku la sauti, umio, ini, utumbo mpana na titi la mwanamke.

Kinachodhuru ni kilevi chenyewe, pamoja na sumu ambayo mwili huitengeneza unapokivunja. Kwa hiyo hakuna pombe ya kienyeji iliyo salama kwa sababu ni ya asili, wala ya chupa iliyo salama kwa sababu ni ya kiwanda. Mwaka 2023 WHO ilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kusemwa kuwa hakina madhara kabisa kwa afya. Anayekunywa na kuvuta kwa pamoja hatari yake ya saratani ya mdomo na koo huzidi sana, kwa sababu kimoja hufungulia kingine njia. Asiyeweza kuacha apunguze. Kila chupa inayopungua ni faida.

Sumukuvu, mzigo wetu wenyewe

Kama kuna jambo ambalo sisi wa mpakani tunahusika nalo kuliko wengine wote, ni hili. Mahindi na karanga vikivunwa au kuhifadhiwa vikiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu wa aina fulani hutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Ulimwengu wa sayansi uliifahamu mwaka 1960, pale zaidi ya bata mzinga 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyochafuka. Ikiliwa kwa wingi huua kwa siku chache. Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa, na mwaka 2016 takriban watu 20 walikufa katikati ya Tanzania, mikoa ya Dodoma na Manyara. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huleta saratani ya ini.

Tena sumu hii ina rafiki yake, nayo ni virusi vya homa ya ini aina ya B. Utafiti uliofanywa kwa wanaume wa Shanghai, China, na kuchapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba waliokutwa na dalili za sumukuvu peke yake walikuwa na hatari ya saratani ya ini zaidi ya mara 3 ya wasio nayo. Wenye virusi peke yake ilikuwa mara 7. Wenye vyote viwili ilikuwa mara 59. Hapo si kujumlisha tena, ni kuzidisha.

Wafanyabiashara watakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalilala mpakani, na siku chache baadaye biashara ikafunguliwa kwa masharti ya cheti cha kupimwa. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kwamba sumukuvu yote kwa jumla isizidi sehemu 10 katika bilioni moja. Wengi waliiona kero ya forodha. Mimi naomba tuione pia kama sahani ya mtoto, maana mahindi yanayokataliwa kwenye geti hayaendi mbinguni. Yanarudi kwenye soko letu na kwenye sufuria zetu.

Kupika hakuiondoi sumu hii, kwani inastahimili moto wa jikoni. Kuyapeleka mahindi mabovu kwenye pombe hakuisafishi, na kumpa kuku au ng'ombe ni kuizungusha tu mpaka irudi mezani. Dawa ni kuizuia mwanzo. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Usinyunyize maji ili gunia lipate uzito. Chambua punje zilizovunjika, zilizotoboka na zilizobadilika rangi. Weka magunia juu ya vichanja, mbali na ukuta. Na kumbuka kwamba punje inaweza kuonekana nzuri na bado ikawa na sumu, ndiyo maana kipimo cha maabara kipo.

Virusi na chanjo

Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi zaidi Afrika Mashariki. Karibu yote husababishwa na virusi viitwavyo HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana; aina mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo chanzo cha takriban asilimia 70. Mjerumani Harald zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kugundua uhusiano huo, na ugunduzi wake ndio uliozaa chanjo.

Jirani zetu Rwanda mwaka 2011 walikuwa wa kwanza Afrika kuipeleka chanjo hiyo kwa wasichana nchi nzima. Uganda ilifuata mwaka 2015, Tanzania 2018 na Kenya 2019. Kila ilipofika, uvumi ulitangulia kwenye simu: eti inafunga kizazi. Haifungi. Kazi yake ni kuufundisha mwili kuvitambua virusi kabla havijaja, ndiyo maana hutolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Kwa akina mama waliokwishavuka umri huo kuna uchunguzi. Njia nyepesi zaidi, inayofanyika hata katika vituo vidogo, ni muuguzi kupaka siki iliyopunguzwa makali kwenye mlango wa kizazi na kutazama kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Ikionekana mapema, huweza kutibiwa kabla haijawa saratani. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI wawahi zaidi, kwani hatari yao ni takriban mara 6 ya wengine.

Chai, moshi na mwili mzito

Ukanda wetu wa mashariki mwa Afrika una saratani ya umio kwa wingi usio wa kawaida. Mgonjwa huanza kwa kukwamwa na ugali, baadaye uji, baadaye hata maji. Mwaka 2016 IARC ilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, huenda vinaleta saratani hiyo. Si chai yenyewe wala uji wenyewe, ni moto wake. Dakika chache za kusubiri kikombe kipoe hazina gharama. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha nao umewekwa katika kundi hilo hilo la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani.

Wapo pia wanaoacha jembe na baiskeli, wakakaa dukani kutwa, na kila safari ni pikipiki. Unene uliopita kiasi unahusishwa na saratani za aina 13, ikiwamo ya titi baada ya kukoma hedhi na ya utumbo mpana. Kwetu kitambi kimekuwa cheti cha mafanikio. Si cheti. WHO inashauri mtu mzima atembee au afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki, na ale matunda na mboga angalau gramu 400 kwa siku. Lenga lenga, matembele na mapapai havihitaji daktari wa kuviandika.

Chupa za majani ya mstafeli

Sasa tazama mambo hayo yote: tumbaku, pombe, kuvu, virusi, chai ya moto, uzito. Kisha fungua simu yako uone inakuonya juu ya nini. Inakuonya juu ya manukato ya kwapa, oveni za umeme ambazo wengi wetu hatuna, na maji ya chupa yaliyokaa ndani ya gari. Inatutisha kwa mambo madogo au ya uongo, na kuyanyamazia makubwa. Halafu inatuuzia tiba.

Nilimfahamu dada mmoja aliyeuza mawese sokoni kwetu, mama wa watoto wanne, aliyerudi kutoka Tanzania kama mimi. Alianza kutokwa damu nje ya siku zake. Muuguzi wa kituo cha afya alimwambia aende hospitali kubwa. Wakati akikusanya nauli, ulimfikia ujumbe juu ya maji ya majani ya mstafeli, yenye uwezo wa kuyeyusha uvimbe wowote kwa siku 40, pamoja na namba ya simu ya kuagizia. Chupa zilikuja, moja baada ya nyingine, kwa miezi saba. Alinionyesha ujumbe ule akiwa tayari kitandani. Tulipiga hesabu pamoja: fedha alizolipa zilitosha nauli ya kwenda hospitali na kurudi mara tatu. Madaktari walipomwona, ugonjwa ulikuwa umefika kwenye kibofu, na kilichobaki kilikuwa kumpunguzia maumivu. Tulimzika mwaka 2021.

Jambo hili halikuanza na simu. Mwaka 2011 maelfu ya watu, wakiwamo wa nchi jirani, walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500, wakiambiwa kinatibu UKIMWI, kisukari na saratani. Wapo walioacha dawa zao za hospitali. Tofauti ni kwamba wakati ule ilibidi usafiri siku kadhaa kuifuata tiba ya namna hiyo. Leo inakufuata kitandani.

Madhara ya kuchelewa yamepimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, walilinganisha wagonjwa wa saratani zilizokuwa bado hazijasambaa. Waliochagua tiba mbadala peke yake walikuwa na hatari ya kufa mara 2.5 ya waliotibiwa hospitalini. Kwa saratani ya titi ilizidi mara 5.

Maswali matano ya kuuliza ujumbe

Kwanza, nani anasema? "Daktari bingwa mmoja wa Ulaya" si jina. Taasisi ya kweli ina anwani. Tovuti ya WHO huishia na who.int. Za serikali huishia na gov.bi kwa Burundi, go.tz kwa Tanzania, gov.rw kwa Rwanda, go.ug kwa Uganda na go.ke kwa Kenya. Tovuti ya MedlinePlus, ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ina maelezo ya afya kwa Kiswahili bila malipo. Siku hizi kompyuta inaweza kutengeneza sura na sauti ya daktari anayejulikana, hivyo video peke yake si ushahidi.

Pili, anauza nini? Ujumbe unaoanza na huruma na kuishia na bei ni tangazo la biashara. Sisi wafanyabiashara tunajua muuzaji hasemi ubaya wa mzigo wake.

Tatu, anaahidi kiasi gani? Saratani ni jina la magonjwa zaidi ya 100, na tiba zake hutofautiana. Anayesema ana dawa moja ya zote, tena siri ambayo madaktari wanaificha, amejitaja mwenyewe. Madaktari nao huugua saratani na kuwazika wake zao. Wangeificha ili iwe nini?

Nne, ilijaribiwa kwa nani? Majani ya mstafeli yameua seli za saratani kwenye vyombo vya maabara, ni kweli. Lakini hata chumvi na mafuta ya taa huua seli kwenye chombo. Kazi ni kuua zilizo mgonjwa ndani ya mtu na kuacha zilizo nzima, na hilo hujulikana kwa kujaribu kwa watu wengi na kuwalinganisha. Tena katika kisiwa cha Guadeloupe watafiti wamehusisha matumizi ya muda mrefu ya mstafeli na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaofanana na ule wa kutetemeka. Kitu cha asili nacho kinaweza kuwa na sumu.

Tano, wengine wanasemaje, na ni lini? Tafuta habari hiyo hiyo mahali pengine pawili pasipojuana. Tazama tarehe. Soma ndani, si kichwa cha habari tu. Mwaka 2015 IARC iliposema nyama za kusindikwa, kama soseji, zinaleta saratani, vichwa vya habari vilidai soseji ni sawa na sigara. Kundi ni moja, lakini makundi yale yanaeleza uhakika wa ushahidi, si ukubwa wa hatari. Sigara huua wengi mno kuliko soseji.

Ukiona ujumbe umeshindwa hata maswali mawili kati ya hayo, usiutume kwa mtu. Usipoutuma tayari umesaidia.

Haki ya kuelewa

Darasani kwangu huwapa wanafunzi kazi ya kuleta ujumbe mmoja wa afya kutoka kwenye simu ya nyumbani, tukaupitisha kwenye maswali hayo. Ni somo la Kiswahili, kwani wanajifunza kusoma kwa makini. Walimu wenzangu wa mpakani wanaweza kufanya hivyo bila vitabu vipya wala ruhusa ya mkaguzi. Wakuu wa afya nao, tangu nchi hii iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, wana kila sababu ya kuandika maelezo ya wagonjwa kwa Kirundi na Kiswahili, si Kifaransa peke yake. Kipeperushi cha ukurasa mmoja kingewazuia wauza chupa kuliko amri kumi.

Wakati tukisubiri, ndugu msomaji, zipo dalili zisizosubiri mnada wala msimu wa mavuno: uvimbe kwenye titi au popote unaokua, damu nje ya hedhi au baada ya kukoma hedhi, damu katika choo au mkojo, kidonda kisichopona, kikohozi cha zaidi ya wiki tatu, chakula kukwama kooni, na kukonda bila sababu. Mara nyingi si saratani. Lakini anayeweza kusema si saratani ni yule aliyekupima.

Na ukiwa mbele ya daktari, hata foleni iwe ndefu namna gani, usitoke kabla hujamwuliza kwa adabu: "Daktari, karatasi hii inasema nini, kwa lugha ninayoielewa?" Swali hilo halina malipo, na ni haki yako.